Usilipie viatu vya kwato kabla punda hawajakatwa kwato

Mleta mada, usitume hiyo hela.

Umeandika kwamba una punda wawili wa mkokoteni wa maji hapo Buigiri, wanachechemea tangu kiangazi kikaze, na umeona mtandaoni viatu vya kwato vyenye sponji ndani. Muuzaji kakwambia umpigie picha ya mguu akupangie saizi, halafu uchukue namba moja juu ili visibane. Unauliza bei ya haki ni ipi, vinadumu muda gani, kama wanaweza kulala navyo, na kama farasi wa mjomba wako kule Msalato anaweza kuviazima. Kabla ya yote hayo nijibu moja: hao punda walikatwa kwato lini mara ya mwisho?

Nauliza kwa sababu kwenye picha uliyoweka, ukwato wa mbele kushoto umerefuka nchani, umeanza kupinda kwenda juu, na ukuta wake umetanuka pande zote mbili. Ukwato wa namna hiyo haupimwi kiatu. Kwato zikatwe, kisha zipimwe, ndipo kiatu kinunuliwe. Ukigeuza mpangilio huo umetupa hela, na mguu wa punda unaumia zaidi ya ulivyokuwa.

Ukwato unakua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Mnyama anayetembea umbali mrefu juu ya mawe huumaliza mwenyewe. Punda wa mkokoteni anayepita njia ile ile ya mchanga na kusimama saa nzima kwenye foleni ya bomba haumalizi sawasawa: upande mmoja unalika, mwingine unabaki, na ncha inakimbia mbele. Ncha ikirefuka, kila hatua inakuwa kazi, maana ili ainue mguu lazima kwanza auzungushe juu ya ile ncha. Kano nene inayoshuka nyuma ya mguu na kujishika kwenye mfupa ulio ndani ya ukwato inavutwa kupita kiasi, na ukuta wa mbele nao unavutwa uachane na mfupa huo. Geuza mguu uangalie chini, pale ukuta unapokutana na unyayo: ule mstari wa rangi ya manjano hafifu utauona umepanuka na kujaa uchafu. Hapo ndipo changarawe hupenya, na jipu hufuata.

Sasa juu ya ncha hiyo ndefu vika kiatu chenye soli ya sentimita moja au zaidi. Umeirefusha tena. Sponji itampa nafuu siku za mwanzo, hilo sikatai, kwa sababu unyayo haugusi tena mawe. Wewe utaona anatembea vizuri, utarudisha madumu yote kumi, na madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200 za maji bila kuhesabu mkokoteni wenyewe. Kano inaendelea kuvutwa kwa uzito huo huku punda akionekana amepona. Na punda haonyeshi maumivu mapema kama farasi. Ukimwona punda anachechemea waziwazi, ujue ameanza kuumia siku nyingi nyuma.

Halafu njoo kwenye saizi. Ukuta uliotanuka ukipunguzwa, upana wa ukwato unaweza kushuka milimita 10 au zaidi. Kwenye majedwali mengi ya viatu hivi, saizi moja na inayofuata hupishana kama milimita 5 tu. Maana yake ukipima leo, ukanunua leo, ukaja kumkata wiki ijayo, una kiatu kilichozidi saizi mbili. Ongeza ile "namba moja juu" ya muuzaji, ni tatu. Kiatu hicho kinazunguka mguuni. Mkanda wa nyuma unahama kutoka mahali pake na kuanza kusugua nyama laini ya kisigino, mchanga wetu huu mwembamba unaingia kati ya mkanda na ngozi, na ndani ya siku chache una kidonda mahali ambapo punda hukanyagia mavi na mkojo wake mwenyewe. Kwenye mteremko kiatu kinageuka upande, punda anajikwaa, na mkokoteni uko nyuma yake.

Na hapa niseme kuhusu hawa wauzaji wa kwenye simu, kwa sababu wanawaumiza watu na wanyama wao. "Namba moja juu" ni ushauri wa viatu vya shule vya mtoto, ambaye mguu wake utakua uvijaze. Ukwato haukui uvijaze! Kila wiki sita hadi nane unakatwa urudi kwenye umbo lake, kwa hiyo saizi sahihi ni ile ya siku ulipokatwa. Na picha haipimi milimita. Ukishika simu juu kidogo ukwato unaonekana mfupi, ukiishusha unaonekana mrefu. Mtu anayekubali kuuza kiatu cha kwato kwa picha pekee anajua kitakushinda na anajua hutaweza kukirudisha. Kundi jingine ni la wale wanaokuja kwenye nyuzi hizi kuandika kwamba punda hakatwi kwato, "mbona wa porini hawakatwi?" Wa porini hajafungwa kamba chini ya mgunga tangu saa nane mchana, na hajafungiwa nira asubuhi nzima. Anatembea kutwa kwenye mawe. Wa kwako hafanyi hivyo.

Viatu vyenyewe si vibaya. Kule California kuna mbio za Tevis, maili 100 za milimani ndani ya saa 24, na farasi wamewahi kuzishinda wakiwa na viatu vya plastiki vya kugundishwa badala ya vyuma. Lakini huwezi kugundisha kiatu kwenye ukwato ambao haujakatwa na kusawazishwa. Mpangilio ni ule ule.

Kukata usifanye kwa panga, na usimruhusu mtu aje na panga. Vinavyotakiwa ni koleo la kwato, kisu cha kwato chenye ncha iliyopinda, na tupa ndefu. Muulize afisa mifugo wa kata nani anakata punda au farasi, si ng'ombe, maana ukwato wa ng'ombe umegawanyika na hukatwa tofauti. Punda pia si farasi: ukwato wake ni mwembamba, umesimama zaidi, na visigino vyake huwa virefu kuliko vya farasi. Anayemkata ili afanane na farasi anamharibu. Kwa hao wako ambao ncha imekimbia, isitolewe yote siku moja. Apunguze kiasi, arudi baada ya wiki tatu au nne apunguze tena, hadi umbo lirudi. Unyayo usichongwe ili upendeze. Ukibonyeza kwa kidole gumba ukasikia unabonyea, amekata mno, na hapo hata kiatu cha dhahabu hakitamsaidia wiki hiyo. Kama ni kazi ya awamu, viatu vinunuliwe baada ya awamu ambayo umbo limetulia.

Kupima ni ndani ya siku chache baada ya kukata. Ukwato usafishwe kwa brashi, mguu uinuliwe, tumia rula ngumu yenye milimita. Tepu ya fundi cherehani inalala kwenye mkunjo na kukudanganya. Upana unachukuliwa pale unyayo ulipo mpana zaidi, kutoka ukingo hadi ukingo. Urefu unaanzia ncha hadi mstari ambapo visigino vinagusa ardhi kwa mara ya mwisho, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapima hadi kwenye ile nyama laini ya nyuma, wanapata sentimita nzima ya ziada. Nyama ile haihesabiwi. Pima miguu yote minne hata kama utavisha ya mbele tu, kwa sababu kushoto na kulia mara nyingi havilingani, na ya nyuma huwa myembamba zaidi. Ukilinganisha na jedwali utagundua kitu kingine: viatu vingi vimetengenezwa kwa farasi mwenye ukwato wa mviringo. Punda mwenye upana wa milimita 80 na urefu wa 100, mfano tu, akivaa kiatu cha farasi kinachomtosha urefu, upana unapwaya. Tafuta muundo mwembamba, au wenye vibao vya kujazia pembeni. Hilo linajibu pia la farasi wa Msalato: apimwe wa kwake.

Kikifika, jaribu kikiwa na sponji yake ndani, kwa sababu sponji ya milimita 12 inaunyanyua mguu na kubadilisha mahali mkanda unapokaa. Sponji huuzwa laini, za kati na ngumu. Laini ni ya mnyama mwenye maumivu anayepumzika. Kwenye mkokoteni inabonyea ikawa karatasi, kwa hiyo kwa kazi chukua ya kati au ngumu. Ikilala usiku bila kurudi kwenye unene wake, badilisha. Kiatu kikishaingia, kishike kwa mikono miwili ujaribu kukizungusha. Kikizunguka na ukwato umebaki palepale, ni kikubwa, kirudishe kabla hakijachafuka. Saa ya kwanza atembee bila mkokoteni, vua, angalia ngozi ya kisigino na pale manyoya yanapoanzia. Hakuna wekundu wala manyoya yaliyolala vibaya? Ongeza muda kesho. Mkokoteni uje baadaye.

Kulala navyo, hapana, isipokuwa daktari wa mifugo ameagiza kwa ugonjwa, na hata hapo vinavuliwa kila siku, vinapigwa brashi na kukauka. Mguu unaofungiwa kwenye jasho unaoza kwenye mifereji ya ile sehemu laini ya pembetatu, na harufu utaisikia kabla hujaona weusi. Mvua zikianza Desemba, kwenye tope jeusi la mbugani usimvishe kabisa. Tope linaingia halitoki, au linakivuta kiatu kikabaki huko.

Kitu kingine ambacho hukukiuliza na ulipaswa: kwa nini wanachechemea? Kiatu kinaweza kufunika mbigili au mwiba wa mgunga uliokatikia ndani, na ukaja kuugundua usaha ukitokea juu ya ukwato. Gusa kwato zote kwa kiganja asubuhi kabla ya jua. Mmoja ukiwa wa moto, mapigo ya damu yakidunda kwa nguvu pande za nyuma za kifundo, na hataki kabisa kuukanyagia, hilo linaelekea kuwa jipu. Daktari alifungue, uloweke kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya magneziamu, na uulizie chanjo au kinga ya pepopunda, maana pepopunda huwaua wanyama hawa kwa jeraha dogo. Ikiwa miguu yote miwili ya mbele ina moto, anaegemea nyuma au analala mchana kuliko kawaida, na umekuwa ukimpa pumba za mahindi au mashudu kwa wingi ili apate nguvu, basi inaelekea ni uvimbe wa ndani ya kwato. Acha pumba leo, mpe majani makavu na mabua, mwite daktari, na asivute kitu.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo pekee ambapo mto chini ya mguu hausubiri kukata, na hata hapo hununui kiatu. Chukua lile povu jeupe gumu linalofungiwa friji na televisheni, unene wa sentimita 5, mkanyagishe, chora ukingo wa ukwato, kata, funga kwa tepu imara ya kitambaa. Tepu ibaki kwenye ukwato tu. Ikipanda hadi kwenye manyoya, mguu ukivimba itakata ngozi na kuzuia damu. Likibonyea, weka jingine juu yake.

Kwa hiyo muuzaji mwambie asubiri. Mtafute mkataji, wapunguzwe, uone kama bado wanachechemea, kwa maana wapo wanaotembea sawa baada ya kukatwa tu bila kuvaa chochote. Ukishapima, weka hapa namba zote kumi na sita, upana na urefu wa kila mguu kwa punda wote wawili, pamoja na tarehe ya kukatwa na jedwali la saizi la kiatu unachokitaka. Nitaziangalia.