Kuhamia Iowa City: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Tunaishi Portland, Maine, na kodi ya nyumba imetushinda. Ndugu zetu Wakongo walioko Iowa City wanasema huko ni nafuu. Je, ni kweli?

Ni kweli ukilinganisha na miji ya pwani ya Atlantiki, ingawa ndani ya jimbo la Iowa huu ni miongoni mwa miji yenye kodi ya juu, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Iowa, kilichoanzishwa mwaka 1847, huleta maelfu ya wanafunzi wanaogombea nyumba zile zile na familia. Kwa familia yenye watoto, singeshauri kupanga katikati ya mji, ambako nyumba nyingi hupangishwa kwa hesabu ya vyumba vya wanafunzi. Tafuteni miji jirani ya Coralville na North Liberty, au hata Cedar Rapids, kama kazi itaruhusu.

Jambo linaloumiza wageni zaidi ni kalenda. Mikataba mingi huanza Agosti mosi na kumalizika mwishoni mwa Julai ya mwaka unaofuata, siku chache kabla ya mikataba mipya kuanza, ili mwenye nyumba apate kusafisha na kupaka rangi. Katika siku hizo familia inayotoka nyumba moja kwenda nyingine hujikuta na magodoro ndani ya gari la kukodi na haina pa kulala. Ulizeni tarehe ya kuingia na ya kutoka kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Iowa haimruhusu mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi ya miezi miwili, na baada ya kuhama na kumpa anwani yenu mpya ana siku 30 za kuirudisha au kueleza kwa maandishi alichokata. Kwa hiyo pigeni picha zulia, kuta na jiko siku ile ile ya kukabidhiwa funguo.

Kesi yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado iko mahakamani. Naweza kuhama?

Unaweza, ndugu yangu, lakini kesi haihami yenyewe. Mahakama ya uhamiaji inapaswa kujulishwa anwani mpya ndani ya siku 5 za kazi, na idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10. Hizo ni fomu mbili tofauti. Kuhamisha kesi ni ombi la peke yake, na mpaka hakimu atakapolikubali, unatakiwa kufika mahakama ile ya zamani. Asiyefika anaweza kuamriwa aondoke nchini bila kusikilizwa, kwa hiyo nakusihi uzungumze na wakili kabla ya kufunga mizigo.

Nilikuwa muuguzi Bukavu. Nitapata kazi?

Hospitali ya chuo kikuu ni mwajiri mkubwa sana mjini, ila cheti chako lazima kitathminiwe kwanza, kisha ufanye mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Wakati unasubiri, kozi ya usaidizi wa uuguzi ya saa 75 itakuingiza kwenye nyumba za wazee, dada, na huko Kiingereza cha kazi utakipata haraka.

Gari ni lazima?

Si kwa kila mtu. Agosti 2023 jiji liliondoa nauli kwenye mabasi yake, na mabasi ya chuo, Cambus, hayatozi mtu yeyote. Hata hivyo, mwenye zamu ya usiku kiwandani atahitaji gari, kwa sababu usiku na mwisho wa wiki mabasi hupungua.

Mwanangu atalipa ada ya chuo ya mkazi wa jimbo?

Chuo humtazama anayehamia kwa ajili ya masomo kama mtu wa nje ya jimbo, na ada yake huwa kubwa mno. Mtoto anayewategemea wazazi hufuata ukazi wao. Kwa hiyo hameni mapema, fanyeni kazi, lipeni kodi ya mapato ya jimbo, na tunzeni kila karatasi.

Na baridi?

Portland imekwisha kuwafundisha theluji. La kukumbuka ni sheria: mkipanga nyumba nzima, someni mkataba mjue ni nani anayesafisha njia ya waendao kwa miguu, kwa sababu jiji linataka iwe wazi ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma.