Wifi yangu anauguza mtoto hospitalini: nimsaidieje, na je, zaka yangu inamfaa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Naishi Mbagala. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka 4, amelazwa Muhimbili, huu mwezi wa pili, na wifi yangu ndiye anayekaa naye usiku na mchana. Mwanzoni ndugu tulijaa wodini, siku hizi yuko peke yake. Nilipokwenda juzi alilia. Anasema swala zinampita kwa sababu mtoto anatapika na hawezi kumwacha, na kuna jirani amemwambia maradhi hayo ni malipo ya dhambi zake. Kaka anaendesha bodaboda yake mwenyewe. Nina zaka ya duka langu. Naweza kuwapa hao, au haijuzu kwa kuwa ni ndugu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, naanza na maneno ya jirani, maana hayo hayafai kulala hata usiku mmoja zaidi kifuani mwa wifi yako. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, yaani hawaandikiwi dhambi, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Na Qur'ani inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (Al-An'aam, 164). Jirani amezipata wapi habari za ghaibu? Mtume, aliyekuwa akishukiwa na wahyi, alipomtembelea bedui mgonjwa hakumuuliza amekosa nini. Alimwambia: "Si neno, ni kutwaharika, inshaallah." Na kulia kwa wifi yako si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii wa Mwenyezi Mungu. Nenda umwambie hayo ana kwa ana.

Ama msaada, mnazo thawabu za kumtembelea mgonjwa, wala sizidharau. Lakini anayeuguza anataka zaidi mtu wa kumpokea. Siku ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Sayyidna Uthman hakwenda vitani, kwa kuwa mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa na Mtume alimwamuru abaki naye. Kisha akamwambia kwamba ana ujira na fungu la ngawira la mtu aliyehudhuria Badr. Huyo alikaa kando ya kitanda tu, akauguza! Basi wifi yako yuko kwenye ibada nzito, na atakayemshika mkono atashirikiana naye humo.

Kwa hiyo pangeni zamu. Waulizeni wauguzi wa wodi utaratibu wao wa kubadilishana, kisha wewe au shangazi mwingine akae na mtoto ili mama apate kuoga, kula chakula cha moto na kulala saa mbili tatu bila kushtuka. Mpelekee uji kwenye chupa, sabuni, na kanga mbili safi azifunge kwenye mfuko peke yake kwa ajili ya swala, maana matapishi ni najisi na hilo huenda ndilo linalomkatisha tamaa. Zichukue nguo chafu ukazifue kwako. Wale watoto wengine waliobaki nyumbani, kama wapo, nani anawapikia? Walipofikwa na msiba watu wa Jaafar, binamu wa Mtume, Mtume aliagiza wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Na wa kwenu wameshughulishwa vilevile.

Kuhusu swala, asiiache. Akipata wa kumpokea, aswali kila moja kwa wakati wake. Siku ambayo kweli hakuna mtu na mtoto haachiki, akusanye Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, yaani aziswali mbili kwa wakati mmoja, bila kupunguza rakaa kwa kuwa si msafiri. Najua sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, wengi wetu tumesomeshwa kwamba mkazi hakusanyi ila kwa mvua. Lakini Ibn Abbas amepokea katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alikusanya akiwa Madina bila khofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu akasema Mtume hakutaka kuutia umma wake uzito. Wapo maulamaa walioichukua ruhusa hiyo kwa mwenye haja, isipokuwa isigeuzwe mazoea. Mama huyu ana haja. Zilizokwisha kumpita azilipe kidogo kidogo.

Zaka yako inajuzu. Asiyepewa zaka ni yule ambaye kumlisha ni wajibu wako, kama mtoto wako, na kaka yako anayejitegemea na mkewe hawamo. Tena Mtume amesema sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa jamaa ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Usizuiwe na ile bodaboda. Katika Suratul Kahf, aya ya 79, wenye jahazi wameitwa masikini ilhali jahazi ni lao na wanafanyia kazi baharini. Aliye na chombo cha riziki lakini kipato hakimtoshelezi nauli, dawa na chakula anastahiki, na akiwa amekopa kwa ajili ya matibabu anaingia pia katika wenye madeni. Mkabidhi fedha mkononi ziwe mali yake, wala si lazima umwambie kuwa ni zaka, kama unaona atafedheheka. Na aende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini aulize habari ya msamaha wa gharama. Kuomba haki hiyo si aibu.

Allahumma Rabban-naas, adh-hibil ba's, washfi Antash-Shaafi: Ewe Mola wa watu, ondoa dhiki, ponya, Wewe ndiye Mponyaji. Amshifie mtoto wenu shifaa isiyobakisha ugonjwa. Wallahu aalam.