Kabla ya Kuondoka Dirishani: Unafuu wa Serikali katika Gharama za Dawa

Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari hanunui dawa mara moja akamaliza. Huzinunua mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi kwa maisha yake yote. Katika kumuuguza mama yangu mzazi, anayeishi Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, nimeona kwamba kinachoielemea familia si kumwona daktari bali ni dawa. Nimeona pia watu wakilipia kile ambacho Serikali imekwisha kuwawekea unafuu, kwa sababu tu hawakujua wauombe kwa nani na wakati gani.

Njia ya kwanza ni msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Dawa za kifua kikuu, za ukoma na za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo hutolewa bure. Kwa upande wa wazee, naomba msomaji azingatie maneno “wasio na uwezo”, kwa maana umri peke yake hautoshi: mzee hutambuliwa kwanza na uongozi wa kijiji au mtaa wake, kisha halmashauri humpatia kitambulisho cha matibabu. Asiye nacho amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na amwone kabla bili haijaandikwa, kwa kuwa kuomba msamaha wa deni ambalo limekwisha kuingizwa kwenye vitabu ni kazi ngumu zaidi.

Njia ya pili ni bima. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwajiri naye huongeza asilimia 3, na mwanachama anaruhusiwa kuwaandikisha wazazi wake miongoni mwa wategemezi. Kwa mkulima au mvuvi ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ambao ulipoboreshwa mwaka 2018 uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6 katika mikoa kama huu wetu. Mwanachama wa CHF aanzie zahanati au kituo cha afya na apande kwa barua ya rufaa. Akiipita zahanati na kwenda moja kwa moja hospitali ya mkoa, kadi haitamsaidia.

Hata hivyo, mwenye kadi na mwenye msamaha wote hukwama mahali pamoja, nako ni kwenye dirisha la dawa. Siku moja mama alirudishiwa cheti chake, dawa moja ikiwa imezungushiwa duara kwa kalamu, akaambiwa, “Hii haipo, mama, mtanunua nje.” Watu wengi huondoka hapo hapo kuelekea famasi. Ushauri wangu ni kwamba usiondoke kabla hujauliza kwa adabu ni kwa nini haipo, kwa sababu kila jibu lina dawa yake.

Ikiwa imeisha stoo na wewe ni mwanachama wa Bima ya Taifa, omba fomu 2C, ambayo itakuwezesha kuichukua kwenye duka la dawa lililosajiliwa na mfuko bila kutoa fedha. Ikiwa dawa hiyo haimo kwenye orodha ya dawa zinazogharamiwa na mfuko, au imepangiwa ngazi ya juu kuliko kituo mlichopo, fomu haitasaidia. Rudi kwa daktari umwulize kama ipo nyingine inayofaa, au kama anaweza kukuandikia rufaa. Na ikiwa imeandikwa kwa jina la kibiashara, yaani lile lililobuniwa na kampuni inayoiuza, mwombe aiandike kwa jina lake la kitaalamu. Hilo ndilo lililokuwa la mama: daktari alifuta jina la kwanza, akaandika amlodipini, na dirisha lile lile likatoa vidonge vile vya presha bila neno. Kwa wanaotoka vijiji vya mbali vya ziwani kama Kalya au Buhingu kwa boti, maswali haya yafanywe mapema, kabla daktari hajaondoka chumbani mwake, kwani kurudi kesho yake kunaweza kugharimu kuliko dawa yenyewe.

Tazama pia pakiti unayopewa. Dawa zinazosambazwa na Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake Tabora, huwekwa alama ya GOT kuonyesha kwamba ni mali ya Serikali. Alama hiyo haipaswi kuonekana kwenye duka la mtu binafsi, na ukiiona huko una haki ya kutoa taarifa.

Ukiambiwa mfululizo kwamba dawa ile ile haipo, mweleze mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, kisha ulifikishe jambo hilo kwa kamati ya usimamizi ya kituo. Kamati hiyo ina wajumbe wanaotoka miongoni mwa wananchi, na masuala ya upatikanaji wa dawa yamo katika kazi zake. Nenda na cheti chenye tarehe, ili wajue ni dawa ipi na ilikosekana lini.