Mfanyakazi Anapofika Kazini na Mzigo wa Nyumbani

Nimesimamia watu kazini kwa miaka 11, na kosa linaloniuma zaidi katika muda huo halikutokana na ukali, bali na huruma isiyokuwa na mipaka. Dada mmoja wa kitengo chetu cha hesabu, ambaye kwa kawaida alifunga hesabu za mwezi kabla ya wenzake wote, alianza kuchelewa, kukosea tarakimu na kukaa kimya vikaoni. Nilimwita, nikamsihi anieleze kinachomsibu, naye baada ya kusitasita akaniambia kwamba ndoa yake ilikuwa inavunjika na kwamba alikuwa amehama nyumbani pamoja na watoto. Kwa kutaka kumsaidia haraka, nilimwendea mkuu wa kitengo kingine kuomba mtu wa kumpunguzia kazi, nikamsimulia na sababu yote. Siku ya tatu watu walikuwa wakimpa pole kwenye korido. Hakunilaumu hata kwa neno moja, lakini hakuniambia tena jambo lolote, na baada ya miezi michache aliandika barua ya kuacha kazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msimamizi hahitaji kulijua tatizo lenyewe ili aweze kusaidia. Anachohitaji kujua ni mahali ambapo tatizo hilo linaigusa kazi. Siku hizi ninaanza na nilichokiona kwa macho yangu, wala si nilichosikia kwa watu: “Wiki hizi mbili ripoti zako zimechelewa, na hiyo si kawaida yako. Kuna sehemu ya kazi inayokulemea kwa sasa?” Atakayejibu kwamba ana jambo la kifamilia, akaishia hapo, amenieleza ya kutosha. Na anayetaka kusema zaidi, ninamtahadharisha kabla hajaanza kwamba nitamtunzia siri yake, isipokuwa pale maisha yake au ya mtu mwingine yatakapokuwa hatarini.

Dalili ninayoitazama ni mtu kubadilika kutoka katika desturi yake mwenyewe. Zamani niliwasifu waliobaki ofisini hadi usiku, mpaka nilipotambua kwamba wapo wanaobaki kwa sababu nyumbani hakuna usalama. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unazitaka nchi zilizouridhia kutambua athari za ukatili wa majumbani na kuzipunguza katika mazingira ya kazi. Kwa hiyo si kweli kwamba ya nyumbani hayamhusu mwajiri kabisa.

Baada ya kusikiliza, kinachofuata ni makubaliano, na hapa ndipo wengi wetu huishia kwenye maneno ya faraja. Kumwambia mtu “usijali, tupo pamoja” hakumwondolei kazi hata moja mezani. Ninakaa naye tukaandika, kwa mistari michache isiyotaja sababu, ni kazi ipi inasogezwa, nani ataibeba, hadi tarehe gani, na tutakutana lini kuangalia hali. Mara nyingi ninaweka wiki mbili. Tarehe ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu bila hiyo mhusika hujiona mdaiwa asiyejua deni litaisha lini, nao wenzake huanza kunung’unika. Wale wanaopokea kazi yake ninawaeleza kilichohamishwa, siwaelezi kwa nini, na ninawapunguzia kitu kingine, kwani si haki kumtua mmoja mzigo kwa kumtwika mwingine.

Hata hivyo, msimwondolee mtu kazi zote kwa kumhurumia. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akimuuguza baba yake aliniomba nimwachie kazi moja ndogo ya kumaliza kila siku, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa ndani ya uwezo wake katika kipindi ambacho mengine yote yalikuwa yamemponyoka. Sikuwahi kulifikiria hilo kabla hajaniambia.

Kuhusu fedha, ni bora kufuata utaratibu wa kazini wa mkopo au malipo ya awali ya mshahara kuliko kumkopesha kutoka mfukoni, maana ni vigumu kuwa msimamizi na mdai wa mtu yuleyule.

Kuna mambo yanayotuzidi uwezo. Mtu akidokeza kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hivyo hakumpandikizii wazo hilo. Kisha usimwache peke yake mpaka awe mikononi mwa mtaalamu.

Tena, kabla ya kuutafuta mzigo nyumbani kwa mtu, utazame ule uliomtwika wewe. Niliwahi kudhani kijana mmoja ana matatizo ya kifamilia, kumbe kwa miezi mitano alikuwa akifanya kazi ya watu wawili tangu mwenzake aondoke, nami ndiye niliyekuwa nikizipanga kazi hizo. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2019, linauhusisha uchovu wa aina hii na msongo wa muda mrefu wa kazini usioshughulikiwa ipasavyo, na kijana yule alikuwa na dalili zilizotajwa humo: nguvu zilikuwa zimemwishia, moyo wake ulikuwa umejitenga na kazi, na ufanisi wake ulikuwa umeshuka. Ushauri nasaha peke yake usingemsaidia. Alihitaji mtu wa pili, na alipompata alianza kupata nafuu.

Siri ikikuponyoka licha ya tahadhari zote, mwendee mwenyewe siku hiyohiyo, umwambie nani amesikia na amesikia nini, kisha umwombe radhi. Mimi nilinyamaza, na yule dada akayasikia yake kwenye korido.