Ukifika Teruel, Anzia Kutazama Chini ya Mnara

Anayetaka kuelewa namna majengo ya kale yanavyodumu, ninamshauri aende Teruel, mji mdogo wa Aragón nchini Hispania, na akifika asifanye haraka kuinua macho. Mnara wa San Martín, uliojengwa mwaka 1315 na 1316, humvuta kila mgeni kwa vigae vyake vya kijani na vyeupe vilivyopachikwa katikati ya matofali. Ni mnara wa kengele za kanisa, lakini umejengwa kwa mpango wa minara ya misikiti ya enzi ya Waalmohadi, watawala Waislamu wa Afrika Kaskazini na kusini mwa Hispania: mnara ndani ya mnara, ngazi zikipanda kati ya kuta hizo mbili. Ufundi huo, uliotokana na Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo, ndio uitwao Mudéjar.

Mimi nilijifunza zaidi nilipoinama kutazama kitako chake. Unyevu ulikuwa umekila hata katikati ya karne ya 16 akaitwa fundi Mfaransa, Quinto Pierres Vedel, kukiimarisha. Bila kazi yake, naamini UNESCO isingekuwa na mnara wa kuuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1986.

Zaragoza, mji mkuu wa Aragón, nao ulikuwa na mnara mrefu wa matofali, Torre Nueva, ulioanza kujengwa mwaka 1504. Kwa kuwa ulikuwa umeinama, wakuu wa mji waliamua mwaka 1892 ubomolewe, ingawa wapo waliopinga kwa nguvu. Uamuzi huo unaniuma hadi leo, maana kuinama peke yake si hukumu ya kifo kwa jengo.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kusema lolote kuhusu ukarabati wa jengo la aina hii, uliza kwanza maji yanapita wapi, kisha uliza matofali yataunganishwa kwa kitu gani. Mafundi wa Aragón walitumia sana jasi, ilhali saruji ya kisasa ni ngumu kuliko tofali la kale na huzuia unyevu usitoke, hivyo tofali ndilo linalomomonyoka.

Usiondoke Teruel kabla ya kuingia katika kanisa kuu la mji huo. Dari lake la mbao la karne ya 13, lenye urefu wa mita 32 hivi, lilifichwa na dari jingine katika karne ya 18, na kufichwa huko kulisaidia kulihifadhi. Beba darubini, kwa kuwa miongoni mwa mashujaa na wanyama waliochorwa humo wamo pia maseremala, wakiwa kazini na zana zao mikononi.