Kabla Hujaweka Mikorosho Rehani

Majibu ya kinyama, kile kipande kinachokatwa kupimwa saratani, yakishatoka, na jina la Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, likishaandikwa kwenye barua ya rufaa, familia nyingi za huku kusini huanza na jambo moja: kumtafuta mtu wa kumwekea mikorosho. Tunaomba jambo hilo liwe la mwisho. Msaada wa bure upo, wa kisheria na wa fedha, ila unafuata karatasi, na karatasi zenyewe hupatikana kijijini na wilayani. Ukipanda basi la Dar es Salaam bila hizo, unaweza kurudishwa Mtwara, zaidi ya kilomita 500, kufuata mhuri.

Anza na ustawi wa jamii. Saratani imo katika magonjwa ambayo sera ya kuchangia gharama za matibabu imeyapa msamaha wa malipo katika hospitali za serikali, lakini msamaha hauji wenyewe, sharti uombwe. Mlango wake ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali inayokupa rufaa, iwe Ligula, Sokoine au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Atataka barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Barua isemayo "namtambulisha kwenu mkazi wangu" ni ya utambulisho tu, haiombi kitu. Mwombe mtendaji aandike umri, kitongoji, idadi ya wanaomtegemea mgonjwa, kazi anayofanya, na sentensi iliyo wazi kwamba kaya haina uwezo wa kulipia matibabu. Picha ibandikwe, mhuri upite nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Kama kaya imo kwenye mpango wa TASAF, ambatanisha nakala ya kitambulisho chake.

Kisha angalia majina, herufi kwa herufi. Barua ya rufaa inasema Somoe Hamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Somoye Khamis, majibu ya maabara yanasema Somoe H. Kwa karani wa mapokezi hao ni watu watatu. Makosa ya hospitali yarekebishwe hospitali hapo hapo, kabla hujaondoka dirishani. Ikiwa majina yametofautiana kwenye vitambulisho vyenyewe, kunahitajika kiapo cha majina, kinachoapwa mbele ya hakimu au wakili. Piga picha kila karatasi kwa simu, na asili usimwachie mtu, hata akiwa na koti jeupe la daktari, mpe nakala.

Msamaha unaishia kwenye gharama za hospitali. Nauli, chakula na malazi ya msindikizaji ni juu yenu, na hizi ndizo zinazomaliza akiba. Tiba ya mionzi hutolewa siku tano kwa wiki. Kwa saratani ya shingo ya kizazi ni kawaida kuchukua wiki tano, kisha mionzi ya ndani hufuata. Kwa hiyo usipange safari ya wiki mbili. Panga miezi miwili ya watu wawili, na uliza mapema kama mgonjwa atalazwa au atakuwa akienda na kurudi. Mtoto ana njia yake: watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha hugharamia matibabu na husaidia malazi ya mtoto na mzazi. Mzazi asiuze chochote kabla hajafika pale.

Michango ya msikiti, kanisa au kundi la WhatsApp iwe na mweka hazina ambaye si msindikizaji. Anayemuuguza mgonjwa hana nafasi ya kuandika hesabu, na hesabu isipoandikwa ugomvi humkuta yeye.

Sasa sheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi. Ukiwatafuta, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, maana ofisi hiyo ndiyo inayowasajili wilayani. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kukutoza ada wala kukuwakilisha mahakamani. Kazi yake ni kukushauri, kukuandikia barua na kukuelekeza kwa wakili pale shauri linapohitaji. Akikudai hela ya "kufungua faili," ondoka ukaripoti kwa afisa huyo huyo.

Aliyeajiriwa asikubali kuandika barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, hata akiambiwa kwa upole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Akiacha mwenyewe, hayo yote yameondoka. Akifukuzwa, ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyezipitisha akiwa wodini aombe kuongezewa muda na aambatanishe karatasi ya kuruhusiwa. Mwanachama wa NSSF au PSSSF aulize pia pensheni ya ulemavu pale madaktari wanapoona hataweza tena kufanya kazi.

Kwa mkulima, tatizo huanza mwezi wa kumi. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya aliyesajiliwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, naye yuko Dar kitandani. Watoto wakitumia namba yake ya siri, kesho wajomba watauliza pesa zilikwenda wapi. Nendeni na mgonjwa benki kabla ya safari, mkaulize fomu ya kuongeza mtia saini. Au mtengeneze hati ya nguvu ya kisheria inayotaja akaunti, AMCOS na kazi anayopewa mwakilishi. Hati hiyo hukoma siku mwenyewe anapofariki. Kutoa fedha kwayo baada ya mazishi ni kujitafutia kesi.

Na kama hakuna budi, mikorosho ikawekwa rehani, tafadhali isiwe kwa maneno. Wala usiuze kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, ni kosa kisheria na bei yake ni ya kuumiza. Chukulia mikorosho 40 inayotoa kilo 10 kila mmoja: ni kilo 400, na kwa bei ya 3,000 ni 1,200,000 kwa msimu mmoja. Anayekupa 800,000 "mpaka utakaponilipa" atavuna misimu mitatu na deni likae pale pale. Mkataba utaje idadi ya mikorosho na mipaka yake, kiasi, misimu kwa mwaka wake, na kwamba msimu wa mwisho ukivunwa shamba linarudi bila malipo mengine. Mashahidi watoke pande zote mbili, nakala moja ibaki kwa mtendaji. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hata kama nyumba imeandikwa jina la mume peke yake.

La wosia watu hulikwepa, wakiona ni kumwombea mgonjwa kifo. Lakini kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambako ukoo hufuata upande wa mama, shamba walilolipanda mke na mume laweza kudaiwa na wapwa wa marehemu kabla arobaini haijafika. Kama shamba lina sifa ya hatimiliki ya kimila, ombeni kijijini iandikwe majina ya wote wawili. Mwislamu akumbuke kuwa wasia hauzidi theluthi na haumwendei mrithi ila warithi wenzake wakiridhia, na hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Anayetaka kumpa mkewe au binti yake shamba kwa hiba alifanye hilo akiwa bado na nguvu zake, alikabidhi mbele ya mashahidi, na aliyepewa aanze kulipalilia msimu huo huo.