Gereji ya Wasomaji: Tairi likikua, gari hudai mengine

Salaam wakuu. Nina Prado ya 1999, injini 1KZ, gia otomatiki, matairi 265/70R16. Nikitoka Morogoro naenda shambani Ifakara. Masika njia ya shamba ni matope matupu na gari linakalia tumbo. Muuza matairi kaniambia nifunge 285/75R16, eti yanaingia bila shida. Ni kweli? Na kuna kingine cha kubadilisha? – Msomaji, Morogoro

Yataingia, ndugu, gari likiwa limeegeshwa na usukani umenyooka. Ukikata kona huku gurudumu moja limepanda tuta, hapo ndipo utasikia mlio.

Anza na hesabu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni ringi kwa inchi. Chukua ubavu mara mbili, jumlisha ringi (inchi moja ni milimita 25.4), utapata kimo cha tairi zima. La kwako ni milimita 777. 265/75R16 ni 804, na 285/75R16 ni 834. Lakini difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) inakaa usawa wa katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda nusu tu ya tofauti: milimita 13 kwa 265/75, milimita 28 kwa 285/75. Hiyo ndiyo faida yote ya juu, sentimita tatu kasoro.

Kabla hujatoa hela, lala chini ya gari uone ni kipi hasa kinachokalia matope. Alama za tope zikiwa kwenye difu ya nyuma, dawa ni tairi peke yake, maana kuinua springi hakuinui ekseli. Zikiwa kwenye chesisi, kava la gia au ngazi za pembeni, tuhumu springi. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, na ulinganishe. Springi za 1999 zilizobeba mpunga misimu yote hiyo zimelala, na si ajabu springi mpya za kimo kilekile cha kiwandani zikakurudishia sentimita mbili au tatu bila kugusa tairi.

Ushauri wetu ni 265/75R16. Upana ni uleule ulionao, kwa hiyo upande wa ndani hakuna kipya cha kugusana na mkono wa juu, na ringi yako ya inchi 7 inaikubali. 285/75 inataka ringi ya inchi 7.5 hadi 9. Ukiibana kwenye 7, uso wa tairi unavimba katikati na kashata za katikati zinaisha mapema. Ndipo utaambiwa ununue ringi pana zinazotokeza nje, na kila sentimita ya kutokeza inaongeza mzigo kwa beringi na boljointi, usukani unapiga mikononi kwenye mashimo, na tairi linafuata ukingo wa madigadi. Tairi limezaa ringi, ringi imezaa beringi.

Usinunue matano kwa mkupuo. Omba ufungiwe moja mbele, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha pandisha gurudumu hilo juu ya kitu imara cha sentimita 25 hadi 30 na urudie. Paka chaki ukingo wa tairi, itakuonyesha linapogusa. Kwa 265/75 kinachoguswa, kama kipo, mara nyingi ni kizuia matope na plastiki ya ndani ya madigadi upande wa mlango. Vinasogezwa au kukatwa kidogo. Kwa 285 utafika kwenye bati na pembe ya bampa. Acha nafasi ya milimita 15 hadi 20, kwa sababu tope nalo lina unene wake.

Sasa injini. Tairi kubwa ni sawa na kuondoa meno kwenye gia. Kama uwiano wa meno ya difu yako ni 4.10, kwa 265/75 itafanya kazi kama 3.97, na kwa 285/75 kama 3.82. Ya kwanza utaizoea. Ya pili itaifanya otomatiki ihangaike kati ya gia ya tatu na ya nne kwenye kila kimlima, na kuhangaika huko ni joto la mafuta ya gia, ambayo mengi yanapoozwa ndani ya rejeta ileile ya injini. 1KZ inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikichemka. Ukiamua 285, basi kagua rejeta na feni kwanza, funga kipozeo cha pembeni cha mafuta ya gia, na kwenye milima mirefu kama Kitonga zima O/D (gia ya juu kabisa) mapema. Kubadilisha meno ya difu ndilo suluhisho kamili, ila ni mbele na nyuma kwa pamoja. Ukiweka uwiano tofauti, mbele na nyuma zitavutana hadi kitu kikatike.

Kwa sababu hiyohiyo matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yameisha sawa. Prado nyingi za aina yako zinasukuma magurudumu yote muda wote, na difu ya kati ndiyo inayobeba kila tofauti. Tairi la akiba nalo liwe kipimo hicho. Linaning'inia kwenye mlango wa nyuma, na bawaba zikilegea kwa uzito utasikia mlango unagonga kwenye barabara mbovu. Kaza boliti za bawaba na badilisha mipira ya kuzuia mlango.

Kasi pia itakudanganya. Mshale ukisoma 80, kwa 265/75 gari linaongeza takriban kilomita 2.7 juu yake, kwa 285/75 karibu 6. Kwenye kibao cha 50 ukiwa na 285 tochi inaweza kukusoma 53 na ushei, na askari hataki kusikia habari za kipenyo. Odomita nayo itahesabu pungufu, kwa hiyo zidisha kilomita kwa 1.034 (265/75) kabla ya kulalamika kuwa gari linakunywa mafuta.

Ukiinua gari kwa sentimita 4 au 5, usiishie kwenye springi na shokapu. Pima alaimenti siku hiyohiyo. Kata usukani hadi mwisho, gurudumu likining'inia, uone mipira ya breki haivutiki. Tazama mpira wa ekseli za mbele, kwa kuwa pembe ikizidi unapasuka na grisi kuruka. Na ipo valvu moja ambayo mafundi wengi hawaiangalii: ile ya breki za nyuma yenye fimbo iliyoungwa kwenye ekseli. Inapima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na bodi. Ukiinua bodi, inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Kama lako linayo, bano lake lisogezwe kwa kiasi kilekile ulichoinua.

Nati za Prado zikazwe Nm 112 kwa torki renchi, si kwa kuruka juu ya spana, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Habari za kazi. Tuna Land Cruiser za utalii, tairi 7.50R16 za tyubu kwenye ringi za pete (zenye pete ya chuma inayotoka, ndiyo inayoshikilia tairi). Wageni wanalalamika gari linarusha. Mwenzangu anataka tufunge tairi pana ili pia tusinase kwenye udongo mweusi. Mnasemaje? – Mwendesha safari, Arusha

Kurusha na kunasa ni mambo mawili, ndugu, na upana hautibu lolote kati ya hayo moja kwa moja.

Udongo mweusi ukilowa unaganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko. Chini yake mara nyingi kuna tabaka gumu, na tairi jembamba linakata hadi kulifikia. Tairi pana linaelea juu ya utelezi na kubeba tope zaidi. Palipo na mbuga ya kina isiyo na tabaka gumu, jembamba linachimba na pana linasaidia, lakini hapo dereva mzoefu hazunguki na wageni.

Badilisheni ringi kwanza. 235/85R16 isiyo na tyubu ina kimo cha milimita 806, karibu sawa kabisa na 7.50R16, kwa hiyo spidomita na difu hazijui kama kuna kilichobadilika. Inataka ringi nzima, isiyo na pete, ya inchi 6 hadi 7.5. Msiweke tairi lisilo na tyubu kwenye ringi za pete, kwani upepo hautakaa. Faida kubwa ni kwamba ringi nzima ina kigongo cha kushikilia ukingo wa tairi, hivyo mnaweza kushusha upepo. Kwenye ringi ya pete, ukishusha sana tairi linazunguka peke yake na kukata shingo ya tyubu.

Mlinganishe namba ya mzigo ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400, 123 ni 1,550. Gari lililorefushwa, lenye abiria saba, friji na matangi mawili, lipimwe kwenye mizani likiwa limejaa, ekseli moja moja. Na msome herufi: 7.50R16 ni radial (ya nyuzi zinazokatiza moja kwa moja), 7.50-16 yenye kistari ni ya nyuzi za mshazari. Hizo mbili hazichanganywi kwenye gari moja.

Kurusha kunaanzia kwenye upepo uliojazwa wa mzigo kamili huku gari lina wageni wawili. Kisha shokapu.

Wakati bado mna ringi za pete, anayejaza upepo apitishe mnyororo kwenye ringi au aiweke kwenye kizimba, na asisimame mbele ya pete. Ikiruka inaua.

Hamjambo? Nina Jimny mpya ya umbo la boksi. Mekanika aliinua inchi mbili na kuweka 235/75R15 kwenye rimu zake za kiwanda. Sasa nikifika 70 au 80 kwenye lami, nikipita kishimo usukani unatetemeka vibaya mpaka nisimame. Alibadilisha kile kishokapu cha usukani, kinachotuliza mtetemo, ikatulia wiki mbili, ikarudi. – Msomaji, Nairobi

Dada au kaka, hicho kishokapu kilificha ugonjwa tu. Usiendeshe kwa kasi hiyo mpaka utengeneze.

Ekseli ya mbele ya Jimny ni moja nzima. Ukiinua inchi mbili, mikono inayoishika inageuka na kulaza ekseli mbele kwa karibu nyuzi 3. Ile pembe inayofanya magurudumu yajinyooshe yenyewe inapungua, na kishimo kimoja kinatosha kuanzisha mtetemo. Tena fimbo inayozuia ekseli kwenda kando imebaki urefu uleule, kwa hiyo ekseli imesogea upande mmoja.

Fuata mpangilio huu. Kwanza balansi, kwa sababu tairi zito lisilo sawa ndilo linalochokoza. Pili, gari likiwa chini, mtu mmoja acheze usukani kidogo kushoto na kulia huku mwingine ameshika bushi za ile fimbo ya kando. Bushi ikicheza au tundu la boliti limepanuka, umepata mkosaji mkubwa. Tatu, inua ekseli, shika tairi juu na chini ulitikise. Linalocheza ni beringi ya gurudumu au beringi za kingpini (pini ambayo gurudumu linageukia). Ondoa tairodi (fimbo ya usukani inayounganisha magurudumu) na ugeuze kwa mkono nako, yaani kile kiungo kinachobeba gurudumu. Iwe na ukinzani kidogo, isizunguke kama bawaba ya dirisha. Nne, rudisha ile pembe kwa bushi zenye tundu la kando au mabano ya kushusha mikono, weka fimbo ya kurekebisha urefu, kisha pima alaimenti.

Tairi nalo tulitazame. Rimu ya kiwanda ni inchi 5.5, na 235/75R15 inataka 6 au zaidi. Limeongeza kimo kutoka milimita 693 hadi 733, karibu asilimia 6, kwa injini ya lita 1.5. 215/75R15 inakaa vizuri kwenye rimu uliyonayo na inapoteza asilimia 1.5 tu. Haina sura ya kutisha, ila barabara ya Magadi haijali sura.

Nikienda kuvua naendesha kwenye mchanga wa pwani. Nishushe upepo hadi ngapi? – Kilwa

Kwa tairi lisilo na tyubu, anza na 18 psi. Ukinasa, 15. Chini ya hapo tairi linaweza kutoka kwenye ringi ukikata kona ghafla. Usizidi kilomita 30 kwa saa, na usirudi lami kabla ya kujaza. Tairi lenye upepo mdogo linapikika ubavuni na kupasuka ukiwa na kasi.

Kujua kipimo cha lami kwa tairi jipya: pima asubuhi likiwa la baridi, endesha saa moja, pima tena. Likipanda karibu psi 4, liko sawa. Likipanda zaidi, asubuhi lilikuwa na upepo mdogo, ongeza. Likipanda chini ya hapo, punguza.

Duka linauza tairi "jipya kabisa" kwa nusu bei. Ubavuni nimeona 2316. – Dodoma

Ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Liache.